Baba Alipokuwa Akichagua Kondoo Dume

Muuguzi alinipa tyubu ndogo ya mafuta mazito ya manjano, akaniambia nipake kwenye chuchu kila nikimaliza kunyonyesha ili zisipasuke. Nilipoifungua, harufu ilinifikia kabla sijasoma maandishi: kondoo. Kondoo aliyenyeshewa mvua, manyoya yameshikana kwa jasho na vumbi. Baadaye nilisoma kwamba mafuta yale hutengenezwa kwa grisi ya manyoya ya kondoo, na wanawake wengi huyapaka bila kunusa chochote cha ajabu. Mimi niliyafunga haraka. Nina miaka zaidi ya thelathini, nina kazi na nyumba ya mkopo, lakini pale kitandani, mtoto wangu akiwa amelala kifuani, niliogopa kama nilivyoogopa nilipokuwa na miaka minane.

Siku zile tulikaa Lewisham, London, ghorofa ya tatu, na dirisha la jikoni lilitazama reli. Treni ikipita, vikombe kabatini viligongana. Baba alikuwa bwana mifugo huko Mbulu kabla hatujaja, mtu wa kuitwa usiku na mchana, mtu wa kupewa kiti kila nyumba aliyoingia. Huku alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, kutoka wodini mpaka chumba cha upasuaji, na kuwarudisha. Hakulalamika, ila ukitaka kumwona amenyooka mgongo umkute Jumapili mchana, tumetoka kanisani, amekwangua kadi ya simu na anazungumza na mdogo wake, baba mdogo Faustini, kuhusu kondoo.

Maana alikuwa na kondoo. Majike thelathini na kitu walibaki Mbulu kwa baba mdogo, na baba aliwajua mmoja mmoja kuliko alivyowajua majirani zetu wa ghorofani. Walikuwa chotara, damu ya kondoo wekundu wa Kimasai imechanganywa na wale weupe wa kichwa cheusi. Mwaka ule dume wao wa zamani alikufa, ikabidi achaguliwe mwingine, na uchaguzi wenyewe ukawa vita. Baba alitaka dopa. Kama hamumjui, dopa ni kondoo mnene, hana manyoya mengi, ana nyama mpaka shingoni, na wanawe hukua haraka. Baba mdogo alitaka dume mwekundu wa pale pale nyumbani, mdogo, asiye na sura ya kupigiwa picha, lakini mvumilivu wa minyoo na ukame. Picha za madume wote wawili zililetwa na mtu aliyetoka likizo, na kwa wiki nyingi zilikaa mezani kwetu chini ya kitambaa cha plastiki, tukila juu yake.

"Kaka, majike wetu wadogo," sauti ya baba mdogo ilitoka kwenye simu, inakwaruza. "Viuno vyao umevisahau? Ukimpandisha jike mdogo na dume mkubwa, unatafuta msiba. Mtoto atakwama."

"Nani amesoma mifugo, mimi au wewe?"

"Umesoma wewe. Lakini anayeingiza mkono saa wanapokwama ni mimi."

Mama alicheka jikoni. Mimi nilikuwa chini ya meza na kitabu changu cha kupaka rangi, na neno lile, kukwama, lilinikaa. Nilitaka kuuliza anakwama wapi, lakini kwetu mtoto hakuingilia simu ya kwenda nyumbani. Dakika zilikuwa zinakwisha.

Jumamosi iliyofuata baba alinichukua kwa basi mpaka shamba moja la hapa hapa London, yale mashamba madogo yanayowekwa mjini ili watoto wajue maziwa hayatoki dukani. Alisema ananipeleka mimi kutembea. Uongo mtupu, alikwenda kushika kondoo. Msichana wa Kizungu mwenye viatu vya mpira alimwona baba ameegemea uzio kwa muda mrefu, akamkaribisha ndani, na baba akageuka mtu mwingine mbele ya macho yangu. Alimshika dume mmoja chini ya taya, akamfungua mdomo, akamtazama meno, akampapasa mgongo, halafu, Mungu nisamehe, akapeleka mkono nyuma na kumpima korodani kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Nilitazama pembeni. Msichana yule alicheka mpaka akashika uzio.

"Sogea, mwanangu," baba akaniita. "Weka mkono hapa."

Manyoya yalikuwa yamelowa, yana grisi, na harufu yake ilinishika mkononi siku nzima. Baba akauongoza mkono wangu kwenye paji la uso wa yule dume, kisha mabegani.

"Ukichagua dume, wengi wanatazama mapaja. Wewe tazama kichwa na mabega. Mtoto hutoka na umbo la baba yake, na hapa ndipo hukwama. Mama akiwa mdogo, mtoto hatoki."

"And then what happens?"

"Kiswahili."

"Halafu inakuwaje?"

"Halafu unawapoteza wote wawili," baba akasema, kama anayesema basi letu limechelewa, akajipangusa mikono kwenye suruali.

Hapo lazima niwaeleze mambo mawili. Kwanza, baba yangu alikuwa mkubwa kupita kiasi. Kanisani walimtania kwamba kofia yake inashonwa na fundi wa mahema. Mama, mtu wa Lushoto, alimfikia kifuani, na alinunua viatu vyake kwenye sehemu ya watoto. Pili, mama alikuwa na mimba, na mimi sikutakiwa kujua. Kwetu mimba haitangazwi kwa mtoto, wala hainunuliwi hata soksi kabla ya siku yake. Mama alivaa makoti mapana, akasema amenenepa kwa sababu ya mikate ya Wazungu. Lakini tulilala chumba kimoja nilipokuwa na homa, nikaona tumbo lake chini ya shuka likicheza lenyewe. Nikanyamaza, kwa kuwa wao walinyamaza.

Na kulikuwa na la tatu, baya kuliko yote. Mama akinisuka, kichwa changu amekibana katikati ya magoti yake, alikuwa na mzaha wake wa kila siku: "Kichwa hiki, kichwa cha baba yako hiki, kilikaribia kuniua." Wageni walicheka. Mimi pia nilikuwa nikicheka, mpaka siku ile ya shambani. Kwenye basi la kurudi nilijishika paji la uso, nikajipima kwa vidole. Kumbe haukuwa mzaha.

Nilijifariji kwa jambo moja. Mama alishanizaa mimi na akapona, kwa hiyo labda njia ilikuwa imefunguka. Jumapili nilikaa chini ya meza kusikiliza, na baba kweli akasema hivyo hivyo, akanipa raha ya dakika nzima.

"Tutawatenga," alisema. "Dopa tumpe wale waliokwisha kuzaa tu. Jike aliyezaa mara moja hana shida."

"Nani kasema? Yule jike wako mwenye doa, si alikuwa ameshazaa?" baba mdogo akamjibu. "Mwaka juzi dume wa jirani aliruka boma akampanda. Mtoto akakwama kwenye mabega. Tulivuta mpaka asubuhi. Alikufa ananitazama, kaka."

Treni ikapita, vikombe vikagongana. Mama alizima jiko, akaenda kulala, ingawa ilikuwa saa tisa mchana.

"Sawa," baba akasema mwishowe, kwa sauti ya kitaalamu. "Lakini hilo lina dawa. Jike akikaribia, mwezi ule wa mwisho msimpe pumba. Majani tu, na yenyewe kidogo. Akila sana mwishoni mtoto ndiye anayenenepa. Mpunguzieni chakula, mtoto atabaki mdogo, atatoka."

Nadhani hakuna daktari aliyewahi kusikilizwa kwa makini kama baba yangu siku ile. Mtu aliyesoma mifugo alikuwa ametaja dawa, na alikuwa ameipeleka Mbulu, kwa kondoo, huku mama yangu akiwa amelala chumba cha pili. Sikumwona baba kuwa mkatili. Nilifikiri amesahau. Watu wazima walikuwa wakisahau funguo na miavuli, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwakumbusha. Ila hili lilihusu jambo ambalo sikutakiwa kulijua, kwa hiyo sikuweza kumkumbusha. Ilibidi nilifanye mwenyewe.

Nilianza Jumatatu. Mama alikuwa akifanya kazi ya kutunza wazee, na kila asubuhi alijifungashia chakula chake mkobani: chapati mbili, yai la kuchemsha, na uji kwenye chupa ya chai. Alipoingia kuoga, nilitoa chapati moja na yai nikavitia kwenye mfuko wangu wa shule, kisha nikamwaga nusu ya uji chooni na kuvuta maji. Shuleni nilivitupa kwenye pipa la nyuma ya jiko. Sikula hata kipande. Ingekuwa wizi, na mimi sikuwa mwizi, nilikuwa nikimtibu mama yangu.

Siku baada ya siku nilifanya hivyo, na kila siku niliogopa mambo mawili kwa wakati mmoja: nisije nikakamatwa, na nisije nikawa napunguza kidogo mno. Mama alizidi kuchoka. Midomo yake ilipauka. Jioni alianza kuacha chakula, nusu sahani ya wali na maharage inabaki mezani, na yeye anakwenda kujilaza. Niliona ni Mungu ananisaidia. Nilikwangua sahani ile kwenye pipa la taka na kuifunika kwa gazeti. Usiku, baada ya sala, nilimwomba Mungu ampunguzie mtoto yule kichwa.

Baba naye hakuwa akichagua. Mwenye dopa alitaka jibu, baba mdogo alipiga simu hata katikati ya wiki, na baba kila mara alisema, "Nipe siku mbili." Alizitoa picha chini ya plastiki, akawa anazitembeza mfukoni mwa sare yake ya kazi. Nilimkuta mara nyingi ameishika ile ya dopa, anaitazama, halafu anainua macho kumtazama mama. Nilidhani analinganisha. Niliona kwamba hatimaye amekumbuka, na nikazidi kuogopa, kwa sababu uso wake haukuwa wa mtu mwenye dawa.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Nilitoka darasani nikamkuta Mama Neema langoni, jirani yetu wa ghorofa ya kwanza, yule ambaye hakuwahi kuja shuleni hata mvua ikinyesha. Amevaa kanga chini ya koti.

"Twende, mwanangu. Mama yako ameanguka kituo cha basi, pale sokoni. Usilie. Wamempeleka hospitali."

"Is she dead?"

"Ishia hapo hapo! Hajafa. Damu imepungua. Watu wa sokoni wamemsaidia."

Ilikuwa hospitali ile ile aliyofanyia kazi baba. Tulimkuta amesimama ukumbini kwa sare yake, na mara ya kwanza maishani mwangu hakuonekana mkubwa. Daktari mwanamke alikuwa akimweleza polepole. Mimi Kiingereza chake nilikielewa chote. Alisema mama ana upungufu mkubwa wa damu, inaonekana hakuwa akila vizuri. Alisema mtoto ni mdogo, mdogo kuliko anavyotakiwa kuwa, ameacha kukua, na itabidi wamtoe leo kwa upasuaji.

Nitasema ukweli, maana hapa hanijui mtu. Niliposikia kwamba mtoto ni mdogo, nilifurahi. Nilimgeukia baba ili tufurahi pamoja, nikamwona ameshika ukuta.

Furaha ile ilinitoka mwilini kama maji. Sijui mtoto wa miaka minane anaelewaje kitu namna ile, bila mtu kumfafanulia, lakini nilielewa chote. Mama Neema alikwenda kutafuta chai. Nilikaa kwenye kiti karibu na baba, nikasema nikitazama viatu vyangu.

"Baba, mimi ndiye niliyempunguzia chakula."

"Nini?"

"Chapati na yai. Na uji. Kila siku. Ili mtoto asinenepe, asikwame. Wewe ulimwambia baba mdogo."

Nilisubiri kofi, na ningelipokea kwa shukrani.

"Nani alikwambia mama yako ni kondoo?"

"Wewe ulisema mama akiwa mdogo na baba akiwa mkubwa, wanakufa wote wawili. Na wewe ni mkubwa."

Baba alitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama ya kuazima. Kisha akaniinua akanipakata, mimi mkubwa vile, miguu yangu ikining'inia. Sare yake ilinuka dawa ya sakafu.

"Ulipozaliwa wewe," akasema, "walinipa karatasi niweke saini. Kwamba huenda nikabaki na mmoja. Mimi nimezalisha kondoo wengi, hata sijui idadi. Siku ile nilikaa nje ya mlango, sikujua la kufanya na mikono hii. Hizi wiki zote nilikuwa naongea habari za kondoo kwa sababu hizo nazijua."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana, mwanangu."

Alipaswa kusema hapana. Baba zetu, mnajua, walisema hapana hata nyumba ikiwaka moto. Aliposema ndiyo, nilihisi kiti kimeondolewa chini yetu wote wawili.

Walimpitisha mama mbele yetu akiwa kitandani, anasukumwa na mwenzake baba, mtu wa Ghana aliyezoea kutaniana naye. Siku hiyo hakutania. Baba alitaka kushika kitanda asukume yeye. Yule mwenzake akamwambia kwa upole kwamba leo hapana, leo akae. Milango ikafungwa. Baba alitoa picha mbili mfukoni, akazitazama, akaenda kwenye simu ya ukutani ya wauguzi, ambayo haikuruhusiwa kupiga mbali, akaomba, akaruhusiwa.

"Faustini. Chukua mwekundu. Ndiyo, yule mdogo. Usibishane na mimi, nimekubali. Sitaki jike hata mmoja afe mwaka huu, umesikia? Hata mmoja." Halafu akasema, "Hapana, hakuna kitu. Nipo kazini tu." Na akakata simu, ametazama ukuta.

Tulikaa mle ukumbini muda ambao mpaka leo siwezi kuupima. Mama Neema alisali kwa sauti ya chini. Kila mlango ulipofunguka nilifumba macho. Nilijua nimeua, swali lilikuwa tu nimeua wangapi. Niliyapanga maneno ya kumwambia bibi, mama yake mama, kwenye simu ya Jumapili, nikayarudia kichwani kwa Kiswahili ili nisiambiwe nirudie.

Alitoka muuguzi, amevua barakoa. Mtoto wa kiume, yuko kwenye sanduku la kioo la joto, ni mdogo lakini analia. Mama amepoteza damu, wamemwongezea, amelala.

Niliruhusiwa kumwona kesho yake. Alikuwa amelala chali, mweupe midomoni, mrija umeingia mkononi, na kitandani mle alionekana mdogo kama mmoja wa wanafunzi wenzangu. Baba alitutazama, akasema anakwenda kumwona mtoto, akaniacha naye. Nilijua amefanya makusudi. Nilisimama mbali kidogo na kitanda nikamwambia yote, haraka haraka, nikianzia kwa yule dume wa shambani mpaka sahani za jioni. Sikulia. Nilihofu kwamba nikilia atanionea huruma, na sikutaka.

Mama akaniuliza, "Chapati hukuzila?"

"Nilizitupa."

"Na wali niliokuwa nauacha mezani?"

"Niliutupa pia."

Alifumba macho. Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni, na hakuyafuta.

"Mimi nilijua tangu siku ya kwanza kwamba unaingia kwenye mkoba wangu," akasema. "Nikadhani una njaa. Nikasema mtoto wangu ana njaa na anaona aibu kuniambia. Baba yako sikumwambia, angejiona ameshindwa kutulisha. Ndiyo nikawa naacha ule wali. Nikawa nakuachia wewe."

Mama alinyoosha vidole, vile vya mkono usio na mrija, nikasogea mpaka vikanifikia.

"Kwa hiyo hukuwa na njaa," akasema. "Siku zote zile."

"Sikuwa na njaa, mama. Nilikuwa nimeshiba."

"Basi," akasema, akavuta pumzi, akanishika kichwa. "Afadhali. Afadhali ulikuwa umeshiba."